Nimekwama Marsabit, barabara ya Moyale imefungwa: nisubiri, nirudi, au nizunguke jangwani?

Mama Usukani (Tanga), Jumanne, saa mbili usiku

Habari zenu wasafiri. Wengine huja hapa na picha, mimi leo nimekuja na swali, tena naliuliza nikiwa nimevaa sweta mbili, maana baridi ya mlima huu sikuambiwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa miaka 58. Naendesha Land Cruiser mkonga ya mwaka 1996, ile ya injini ya 1HZ, niliyoinunua kwa kiinua mgongo changu nikagombana na ukoo mzima. Nipo na mpwa wangu, kijana wa miaka 23, ndiye utingo, ndiye mpishi, na akichoka ndiye mzigo. Tumevuka Horohoro, tukalala Mombasa, Nairobi tukakaa siku mbili kwa ajili ya mkanda wa feni, kisha Isiolo, na Jumamosi jioni tukaingia Marsabit.

Safari yetu ni ya Harar, Ethiopia. Babu yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia mji wa Wahabeshi wenye ukuta na misikiti mingi kuliko vichochoro, habari aliyopewa na mfanyabiashara mmoja bandarini. Tulidhani ni hadithi ya kutulaza. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba mji upo kweli, misikiti 82 ndani ya ukuta mmoja, na UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nikasema nitauona, na nitaufikia kwa magurudumu yangu mwenyewe.

Sasa kilichotokea. Jumapili tuliondoka hapa kuelekea Moyale, mpakani na Ethiopia, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu mzito, taa zinawaka. Ukishuka mlima ukungu unaisha ghafla kama umefungua mlango, unaingia kwenye jua. Tukapita Bubisa, tukaingia ile nyika ya Dida Galgalu, mawe meusi pande zote kama kuna mtu kamwaga mkaa dunia nzima. Lami safi, nikawa naimba. Kabla ya kufika Turbi tukakuta malori kumi na moja yamesimama, yamezimwa, madereva wamelala uvunguni. Hatukusikia risasi. Hatukuona moshi. Kilichonitisha ni kwamba hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Mimi nimefanya kazi wodini miaka 31, chumba chenye watu wengi kikiwa kimya hivyo najua kuna jambo.

Askari kijana akanijia dirishani akaniambia, "Mama, geuza." Nikamuuliza kuna nini. Akasema watu wameuana huko mbele kwa mambo ya mifugo, vijana wamepanga mawe barabarani, na upande wa Ethiopia nako hakueleweki. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akatazama mawe meusi, akasema, "Geuza tu, mama."

Nikageuza. Leo siku ya tatu nipo nyumba ya wageni, shilingi 1,500 za Kenya kwa usiku, maji ya moto kwa ndoo. Kibali cha gari nilichopewa Lunga Lunga kinaisha Jumanne ijayo. Hapa hotelini kuna bwana mmoja mwenye maneno mengi anayesema atatupitisha njia ya North Horr hadi Illeret, tutokee Omorate upande wa Ethiopia, "bila usumbufu wowote". Mpwa wangu anataka. Mimi neno "bila usumbufu" likitoka kinywani mwa mtu asiyejua hata jina langu huwa linanipa usumbufu.

Nisubiri? Nirudi? Au nimfuate huyu bwana? Na nikisubiri, nitajuaje kwamba sasa pamepoa? Kila ninayemuuliza ana habari yake. Muuza duka anasema kesho. Mhudumu wa hoteli anasema wiki mbili. Nimewaomba ndugu zangu dua ya safari tu, sijawaambia mengine, dada yangu asije akatua hapa na helikopta.

Msema Kweli, Jumanne, saa mbili na nusu usiku

Mama unajitisha bure. Hiyo ni lami mwanzo hadi mwisho, kilomita kama 250 tu hadi Moyale. Ondoka saa nane usiku, ukifika Turbi watu wote wamelala. Alfajiri uko mpakani unakunywa chai.

Tanboi Mzee (Isiolo), Jumanne, saa tatu usiku

Ndugu yangu Msema Kweli, watu wanaopanga mawe barabarani usiku hawalali. Wanaolala ni wale wanaopita. Tafadhali usimpe mgeni shauri ambalo wewe mwenyewe huwezi kulifuata.

Mama Usukani, pole na safari. Mimi nimeijua njia hii mwaka 1989 nikiwa tanboi, yaani utingo, nimekaa juu ya magunia, na nimeiacha juzi tu magoti yalipokataa. Wakati ule lami ilikuwa inaishia Isiolo. Kutoka pale hadi Moyale, karibu kilomita 500, zilikuwa siku mbili ukiwa na bahati, na mvua ikinyesha ulikuwa huulizwi. Asubuhi malori yanakusanyika kizuizini, polisi wenye bunduki wanapanda la mbele na la nyuma, ndipo msafara unang'oka. Abiria walikuwa wanasafiri juu ya mizigo pamoja na sisi, kina mama na watoto, wamejifunga kamba wasianguke wakisinzia. Lami imekamilika hii miaka ya 2010 na kitu, na vijana wengi wanafikiri lami ndiyo iliyoleta amani. Lami imeleta mwendo tu.

Umeuliza utajuaje kama pamepoa. Nitakupa kitu nilichopewa na dereva wangu wa kwanza, Mungu amrehemu. Usiangalie magari yanayokwenda. Angalia yanayokuja. Wanaokwenda wana haraka zao: mwingine ana deni, mwingine ana mzigo wa nyanya unaoza, mwingine ni mjinga. Hao hawakuambii kitu. Gari linalotoka kule limeshapita, dereva ameshaona kwa macho.

Kwa hivyo kesho nenda ukae kituo cha mafuta cha upande wa kutokea Moyale, uhesabu.

Mama Usukani, Jumanne, saa tatu na robo usiku

Kuhesabu naweza. Wodini nilikuwa nahesabu mapigo.

Binti Saku (Marsabit), Jumanne, saa nne usiku

Shikamoo mama, karibu Saku. Ndivyo sisi wenyewe tunavyouita huu mlima. Baridi ni ya asubuhi tu, ikifika saa nne jua linatoka na utavua hizo sweta.

Kabla ya yote naomba kitu kimoja, na sikuambii kwa ubaya. Usiwaulize watu hapa "nani anapigana na nani". Ukimuuliza mwenye duka, umemuuliza kabila lake mbele ya wateja wake. Uliza "njia ikoje?" basi. Mtu akitaka kukuambia zaidi ataongeza mwenyewe. Na simu yako usiielekeze kwa askari wala kwa malori yaliyokwama, hata kama nyuma yao kuna mandhari nzuri.

Mimi nilikuwa darasa la nne Julai 2005, Turbi ilipovamiwa asubuhi. Waliuawa watu zaidi ya 50, wakiwemo watoto waliokuwa wanajiandaa kwa masomo. Shuleni kwetu huku mjini tulikaa wiki nzima bila mtu kucheza. Sisemi hivi kukutisha, nasema ili ujue kwa nini askari yule alikujibu kwa maneno mawili. Mei 2022 serikali ilituwekea kafyu hapa Marsabit na kuanzisha msako wa silaha. Tulizoea kufunga milango mapema na tukazoea tena kuifungua. Kwetu njia kufungwa ni kama mafua: yanakuja, yanakwenda, lakini wapo wanaokufa nayo.

Upande wa mpaka nao una dalili zake. Machi 2018 wanajeshi wa Ethiopia walipowapiga risasi raia upande wao wa Moyale, serikali yao ikasema lilikuwa kosa, lakini watu hawakungoja maelezo. Maelfu walivuka kwa miguu kuja Kenya. Wewe ukiona watu wanashuka magari ya Moyale na magodoro na kuku, jua huko hakufai hata kama redio inasema kumetulia. Mtu hasafiri na kuku wake kwa starehe.

Huyo bwana wa Illeret namjua kwa sura, sitasema zaidi. Wenye pikipiki humu wanaijua njia ile kuliko mimi.

Vumbi na Mnyororo (Nairobi), Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Nimeitwa. Nimepita Illeret mara mbili, zote nikiwa na wenzangu, na mara ya pili nikaapa.

Mama, njia ipo na ni nzuri kupita kiasi. Unashuka Maikona, unaingia jangwa la Chalbi, chumvi nyeupe hadi macho yanauma, halafu North Horr, kisha unakata kuelekea Ziwa Turkana, unapita kando ya hifadhi ya Sibiloi ambako wale wachimbaji wa Koobi Fora walitoa mafuvu ya watu wa kale. Usiku nyota ni nyingi hadi unaona aibu. Hiyo ndiyo sifa. Sasa ubaya.

Illeret tulikuta kituo cha polisi, hakukuwa na uhamiaji wala forodha ya kukugongea muhuri. Sisi tuligonga mihuri ya kutoka Kenya tukiwa bado Nairobi, na karatasi za pikipiki tukazimaliza hukohuko, ndipo tukapanda. Wewe muhuri wako wa mwisho ni wa kuingia Lunga Lunga. Ukitokea Omorate bila muhuri wa kutoka Kenya utaanza kujieleza kwa watu wasioelewa Kiswahili, na gari lako litakuwa bado "liko Kenya" kwenye makaratasi siku kibali kinapoisha. Huyo bwana hatakuwepo kujibu hilo swali. Atakuwa ameshapata zake amerudi Marsabit.

Pili, mafuta. Ondoa kichwani kituo cha mafuta. Utakayoyapata yatakuwa ya dumu, na utamuomba Mungu yasiwe na maji. Tatu, Chalbi ikipata mvua hata ya nusu saa, ule weupe unageuka uji. Niliona lori limezama hadi ekseli, mwenyewe akaniambia yupo pale siku ya tisa. Alikuwa ameshaanika nguo.

Gari moja peke yake, na fujo ziko jirani? Mimi nisingekwenda, na mimi sina akili sana.

Mama Usukani, Jumatano, saa moja usiku

Asanteni wanangu. Bwana wa Illeret nimemuaga kwa heshima, nikamnunulia chai. Alipoona nimekataa akapunguza bei mara mbili kabla chai haijapoa.

Ripoti ya leo. Nimekaa kituoni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja, kwenye kiti cha plastiki alichonipa mlinzi, na daftari la mpwa wangu. Yaliyotoka upande wa Moyale: malori mawili. Nilifurahi nikaandika kwa wino mwekundu. Mpwa wangu akasema, "Mama mdogo, yule dereva wa pili si ndiye tuliyemkuta Jumapili amelala chini ya tela?" Akamfuata kuuliza, kumbe kweli. Walichoka kusubiri kwenye foleni wakageuza kama sisi. Kwa hivyo wametoka Turbi, si Moyale. Nimefuta yote mawili. Jibu la leo ni sifuri.

Nimejifunza na kuangalia namba za usajili, na vumbi. Linalotoka mbali lina vumbi hadi juu ya kioo, vijiti viwili tu vya waipa ndivyo vimefuta.

Mchana Binti Saku alinitumia mdogo wake na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia na nyirinyiri kwenye kopo. Ile nyama sijui wanaikaanga vipi, inakaa bila friji wiki kadhaa. Mpwa wangu amemaliza nusu kopo kabla hajaniuliza kama nimeonja.

Tanboi Mzee, Jumatano, saa moja na nusu usiku

Huyo kijana wako ana macho. Mpe kopo lote.

Msema Kweli, Jumatano, saa mbili usiku

Kwani Waethiopia wenyewe wanasema nini? Si mpige simu mpakani muulize.

Vumbi na Mnyororo, Jumatano, saa mbili na dakika kumi usiku

Intaneti kule ikizimwa hata jamaa yako aliye Yabelo hapatikani. Na anayepokea simu mpakani atakuambia mpaka uko wazi, kwa sababu ofisi yake iko wazi. Kituo cha pamoja kilizinduliwa Desemba 2020, unagongewa pande zote mbili mahali pamoja, kazi nzuri. Lakini ofisi kuwa wazi na njia ya mbele kuwa wazi ni vitu viwili. Baada ya geti una kilomita zaidi ya 700 hadi Addis, na zile 200 za mwanzo hadi Yabelo ndizo za kuuliza.

Mama, usisahau pia: ukishavuka unahamia mkono wa kulia. Sikuambii kwa dharau, mimi nilisahau kwenye mzunguko wa kwanza nikakutana uso kwa uso na basi. Na kama una darubini ya kutazama ndege, iache kwa mtu Kenya. Forodha yao haizipendi, droni ndiyo kabisa.

Mama Usukani, Alhamisi, saa moja usiku

Darubini ninayo, ya marehemu mume wangu. Nitamwachia Binti Saku tukienda.

Leo: malori manne na basi moja. Yote namba za Kenya, vumbi hadi kiooni. Nimeongea na dereva wa basi. Nilifuata mafunzo, nikauliza "njia ikoje?" nikanyamaza. Akanywa soda yote kabla hajajibu. Amesema mawe yametolewa jana jioni, askari wapo Turbi na Walda, wamepita watatu watatu wakifuatana, hawakusimama hata kwa haja ndogo. Abiria walioshuka walikuwa na mabegi ya kawaida. Hakuna kuku. Godoro lilikuwa moja, bado lina nailoni ya dukani.

Mpwa wangu anapakia vitu. Mimi nimemwambia aache kwanza.

Binti Saku, Alhamisi, saa mbili usiku

Godoro jipya ni la harusi mama, hilo ni la heri.

Kesho Ijumaa uangalie baada ya saa nane. Wengi watasali kwanza.

Mama Usukani, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni

Malori kumi na saba! Mabasi matatu! Mlinzi wa kituo sasa ananiita "Inspekta". Mpwa wangu ameshajaza madumu mawili ya dizeli, maji lita 60, amepima upepo wa matairi bila kuagizwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

Kesho ni Jumamosi. Nikiondoka alfajiri mchana niko Moyale, kibali bado kina siku tatu, nalipumzisha gari, Jumapili navuka. Tanboi Mzee, nipe baraka zako nilale.

Tanboi Mzee, Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni

Kabla ya baraka: yamebeba nini?

Mama Usukani, Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini

Malori? Matupu. Mawili yalikuwa na mbuzi. Mengine yamefunga turubai limekunjwa nyuma.

Tanboi Mzee, Ijumaa, saa moja kasoro kumi usiku

Yote kumi na tano matupu?

Mama, sikiliza. Lori halirudi tupu kutoka Moyale kama mambo ni mazuri. Tulikuwa tunapeleka saruji, sabuni, mafuta ya kupikia, na tukirudi tunapakia maharage ya Ethiopia, ndiyo faida ya safari. Kwenda ni gharama, kurudi ndiyo pesa. Tulikuwa tunaweza kulala Moyale siku nne tukingoja maharage badala ya kurudi mikono mitupu. Sasa madereva kumi na tano siku moja wamekubali kurudi na hasara? Wamekaa wiki nzima pale mpakani na maharage hayakuja.

Njia ya kwetu imefunguka. Ya ng'ambo bado. Utafika Moyale salama, utagongewa muhuri, na utakuwa mtu wa kwanza kujua kwa nini maharage hayaji.

Vumbi na Mnyororo, Ijumaa, saa moja usiku

Hii hesabu ya maharage sijawahi kuiona kwenye ramani yoyote.

Msema Kweli, Ijumaa, saa moja na dakika tano usiku

Lakini si angeweza kufika Moyale akasubiri huko? Angalau yuko mlangoni.

Binti Saku, Ijumaa, saa moja na robo usiku

Anaweza. Lakini kibali kinaisha Jumanne, na njia ikifungwa tena nyuma yake atakuwa katikati. Hapa Marsabit akigeuka anaiona Isiolo. Pale Moyale akigeuka anaiona Turbi.

Mama Usukani, Ijumaa, saa tano usiku

Nimezunguka chumba hiki hadi mwenye nyumba amegonga kuuliza kama naumwa.

Nilirudi kituoni saa mbili usiku kutafuta dereva yeyote wa yale matupu. Nikampata mmoja anakula ugali. Sikumuuliza habari za vita, nilimuuliza kwa nini hakupakia. Akacheka kwa uchungu. "Mama, mwenye maharage yuko Yabelo, hapatikani kwa simu siku ya tano. Hela yangu anayo." Akaendelea kula.

Mpwa wangu amenuna. Ananiambia tumetoka Tanga hadi hapa, zimebaki kilomita 250 tu. Nikamwambia hizo "tu" zake ndizo nilizokuwa nazipokea mapokezi usiku wa sikukuu. Kijana anafika na pikipiki imemkunja mguu, ukimuuliza alikuwa anakwenda wapi, hapo tu.

Tunarudi. Alfajiri tunashuka kuelekea kusini. Dizeli madumu mawili nimemuuzia yule dereva wa ugali kwa bei niliyonunulia, ingawa mpwa alitaka tuongeze mia mbili. Darubini nimeiacha kwa Binti Saku vilevile. Amekataa, nimemwambia si zawadi, ni amana, nitaifuata.

Tanboi Mzee, Ijumaa, saa tano na dakika ishirini usiku

Hii baraka ya kurudi ndiyo naitoa kwa moyo mmoja. Ukipita Isiolo piga honi pale kizuizini, nakaa upande wa msikiti.

Mama Usukani, Jumamosi, saa tisa alasiri

Nimepiga honi. Kumbe Tanboi Mzee ni mfupi kuliko maandishi yake. Ametulisha pilau, amelikagua gari uvunguni kwa fimbo yake na kusema shokapu za nyuma zinavuja zote mbili, na kwamba kwa shokapu zile Ethiopia ingenimaliza hata bila fujo. Mpwa wangu amekuwa rafiki yake, amesahau kununa. Hapa anasimuliwa habari za simba wa Archers Post.

Nitalala Nanyuki. Jumatatu jioni, Mungu akipenda, Lunga Lunga, kibali kikiwa kimebakiza siku moja.

Mtu ameniuliza faragha kama naona uchungu. Naona. Pale Marsabit nilikuwa nimeshazoea kusema saa na Wahabeshi wachache waliopo sokoni. Wao wanahesabu kama sisi, saa moja ni ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza, hatukuhitaji mkalimani wa saa. Nilijiambia watu wanaosoma saa kama mimi sitapotea kwao. Mwaka ndio tunatofautiana, wao wako nyuma yetu miaka saba au minane. Basi nina muda.

Binti Saku, wiki tatu baadaye, Alhamisi, saa nne asubuhi

Mama Usukani, mlinzi wa kituo anakusalimu, anauliza Inspekta anarudi lini. Darubini ipo kabatini. Nimeitumia mara moja tu, kutazama ndovu msituni, naomba radhi.

Tanboi Mzee, Alhamisi, saa tano asubuhi

Nimetoka kuongea na kijana wangu anayeendesha. Jana alasiri amepishana na malori sita kati ya Turbi na Bubisa yakishuka. Maharage. Anasema turubai zimevimba.

Mama Usukani, Alhamisi, saa tano na dakika mbili asubuhi

Gari liko juu ya jeki, shokapu mpya nimezipata jana. Muulize kijana wako ni sita kweli au alihesabu na yaliyogeuza njiani.